Bodi imechomekwa, kompyuta haiioni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu draiva za USB

Benchi letu liko Sinza, Dar es Salaam, chumba kimoja chenye meza mbili na dirisha la barabarani. Wanaokuja wengi ni wanafunzi wa vyuo walio kwenye mradi wa mwaka wa mwisho, mafundi redio wanaotaka kuingia kwenye vidhibiti vidogo (chipu zinazopakiwa programu ili ziendeshe vifaa), na siku hizi hata wenye nyumba wanaotaka kupima maji ya tenki kwa simu. Kila mmoja na bodi yake ya majaribio: Arduino, ESP32, Nucleo, Pico. Neno lao ni moja: "Fundi, draiva inagoma." Draiva ni programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa kilichochomekwa.

Mara nyingi sana draiva haijafikiwa hata. Inaniuma kumwona kijana amepanda daladala mbili kutoka Mbagala na tatizo lake ni waya. Kwa hiyo nimeandika hapa majibu ninayoyarudia mezani kila wiki. Soma mawili ya kwanza hata kama swali lako liko chini zaidi.

Nimechomeka bodi, taa inawaka, kompyuta haionyeshi chochote. Nipakue draiva gani?

Usipakue yoyote kwanza. Badilisha waya.

Taa ya bodi inakuambia umeme umefika, basi. Waya kamili wa USB 2.0 una nyaya nne ndani: nyekundu ya volti 5, nyeusi ya hasi, na mbili za data, kwa kawaida ya kijani na nyeupe. Waya wa kuchajia tu una mbili za umeme peke yake. Kwa nje zinafanana kabisa.

Juzi alikuja binti wa mwaka wa tatu na bodi yake kwenye kontena la chakula, amelifunga kwa mpira ili isipigwe na mvua. Usiku mzima alikuwa ameweka na kuondoa draiva, mara saba kwa hesabu yake. Waya wake ulitoka kwenye taa ya kuchaji ya mezani. Nilimwomba ruhusa, nikaukata katikati kwa wembe, nikauchubua ganda la nje mbele yake. Zikatoka nyuzi mbili, nyekundu na nyeusi, nyembamba kama uzi wa kushonea. Akaziangalia, akasema, "Kwa hiyo data ingepita wapi?" Ndilo swali lenyewe. Tukachomeka waya mwingine, kompyuta ikalia, poti (mlango ambao programu huongea na bodi kupitia) ikatokea bila draiva mpya yoyote.

Kinachotokea ni hivi. Bodi inapochomekwa, rezista ya kilo-omu 1.5 inavuta waya mmoja wa data juu. Hiyo ndiyo hodi yake. Kompyuta ikiisikia ndipo inaanza kuuliza: wewe ni nani, nani kakutengeneza, unataka umeme kiasi gani? Draiva inatafutwa baada ya majibu hayo kupatikana. Pasipo nyaya za data hodi haipigwi, na hakuna draiva duniani inayoweza kuitikia.

Jaribu waya wako kwa simu: ukiunganisha simu na kompyuta na mafaili ya simu yakaonekana, nyaya za data zipo. Ukishapata waya mzuri, ufunge kipande cha gundi ya karatasi uandike DATA, na usimwazime mtu.

Waya wangu ni USB-C pande zote mbili, mpya, na bodi haiwaki kabisa. Imekufa?

Huenda ni nzima. Soketi ya USB-C kwenye bodi inatakiwa kuwa na rezista mbili za kilo-omu 5.1 kwenye pini zinazoitwa CC, ili laptopu ijue kuna kifaa kinachohitaji umeme. Bodi nyingi za bei nafuu zimeziacha. Laptopu yenye soketi ya C haioni rezista, haitoi umeme. Tumia waya wenye kichwa cha kawaida cha zamani upande wa kompyuta na C upande wa bodi, maana soketi ya zamani inatoa volti 5 muda wote bila kuuliza. Ikiwaka, umejua.

Nitajuaje kwamba kompyuta imeiona bodi?

Kwenye Windows, bofya kulia kitufe cha Start, chagua Device Manager. Iache wazi kabla hujachomeka bodi, kisha chomeka huku ukiangalia kioo. Orodha itajipanga upya kidogo, na hapo ndipo jibu lilipo. Kuna hali tatu, na kila moja ina njia yake.

Kama orodha haikutikisika hata kidogo, tatizo ni waya, soketi, bodi yenyewe, au umechomeka soketi isiyo sahihi. Achana na draiva.

Kama kimetokea kifaa chenye pembetatu ya manjano, kifungue: Properties, halafu Details, halafu kwenye orodha ya kuchagua tafuta Hardware Ids. Utaona mstari kama `USB\VID_1A86&PID_7523`. Hizo ni namba mbili: ya mtengenezaji na ya kifaa. Ukizipata hizo, mazungumzo yamefanyika vizuri na sasa, sasa ndiyo, unatafuta draiva.

Kama kimetokea kilichoandikwa "Unknown USB Device" na namba zake ni VID_0000 na PID_0002, kompyuta imesikia hodi lakini haikuelewa jibu. Hapo tena siyo draiva. Ni waya mrefu mno au mbovu, habu (kigawanyaji cha soketi za USB) dhaifu, soketi iliyolegea, risasi ya kulehemu iliyopasuka, au chipu iliyopigwa na umeme. Namba hizo si za bodi yako, kwa hiyo usizitafute mtandaoni. Ukizitafuta utaangukia kurasa zinazokuuzia programu za "kurekebisha draiva zote", na nyingi zitakuachia uchafu kwenye mashine kuliko ulioanza nao.

Nimepata namba. Zinamaanisha nini?

Hizi ndizo tunazokutana nazo zaidi hapa, ya mtengenezaji ikitangulia. Nyingi ni za chipu inayotafsiri kati ya USB na seriali, yaani mawasiliano ya biti moja baada ya nyingine. 0403 ni FTDI, na 6001 ni FT232R yake. 10C4 na EA60 ni CP2102 na ndugu zake wa Silicon Labs, ipo kwenye bodi nyingi za ESP32. 1A86 na 7523 ni CH340 ya WCH. 067B na 2303 ni PL2303 ya Prolific. 0483 ni ST: ikifuatwa na 3748 ni ST-Link/V2, 374B ni ile iliyo juu ya bodi za Nucleo, na DF11 ni chipu ya STM32 iliyoamshwa katika hali ya kupokea programu. 2341 ni Arduino wenyewe. 2E8A ni Raspberry Pi. 303A ni Espressif, USB iliyo ndani ya chipu yenyewe ya ESP32-S3 au C3.

Draiva ichukue kwa mtengenezaji wa chipu hiyo. Siyo kwa aliyeuza bodi, siyo kwenye flashi ya rafiki ambayo imezunguka vyuo vitatu. Kwa ST-Link kifurushi kinaitwa STSW-LINK009. Kwa vifaa vya seriali vinavyofuata utaratibu wa kawaida, Arduino Uno halisi na Pico wakiwemo, Windows 10 na 11 wana draiva yao ndani, inaitwa usbser, na huhitaji kupakua kitu.

Nimenunua Arduino Uno Kariakoo, maelekezo ya mtandaoni yanasema haihitaji draiva, yangu inahitaji. Nimetapeliwa?

Siyo lazima. Uno ni usanifu ulio wazi, mtu yeyote anaruhusiwa kuutengeneza, na wengi huweka CH340 badala ya chipu ya USB ya Arduino kwa sababu ni rahisi kwa bei. Inafanya kazi vizuri na sisi wenyewe tunaitumia kufundishia. Kitakachokusumbua ni kufuata maelekezo ya bodi nyingine.

Soma chipu. Washa tochi ya simu, ilaze ubavuni kwa bodi ili mwanga upite juu ya maandishi, kisha piga picha kwa simu ya pili na uikuze. CH340G ina miguu 16 na kando yake kuna kopo dogo la fedha lililoandikwa 12.000, ndiyo fuwele ya megahezi 12. CH340C haina kopo hilo. CP2102 ni mraba mdogo wa milimita 5 kwa 5 usio na miguu inayoonekana. FT232RL ni ndefu, miguu 28, 14 kila upande. Maandishi yakiwa yamesuguliwa, rudi kwenye namba za Device Manager.

Chipu bandia ni habari nyingine, zipo na zina historia. Mwaka 2014 draiva ya FTDI iliyosambazwa kupitia Windows Update ilibadilisha namba ya kifaa kwenye chipu zilizoigizwa kuwa 0000, na bodi zikaacha kutambulika. Prolific nao waliacha kuzitambua chipu zao za zamani pamoja na za kuigiza kwenye draiva mpya, kifaa kinaonyesha kosa namba 10 na hakianzi. Ukiwa na waya wa PL2303 wa miaka mingi na unapata 10, usikeshe nao. Nunua wa CH340 au CP2102.

Device Manager inaonyesha Code na namba. Ipi ni ipi?

28 ni rahisi kuliko zote: draiva haipo, iweke. 10, kifaa kimeshindwa kuanza. Kwa waya za seriali soma jibu lililo juu, kwa vingine chomoa, weka upya, jaribu soketi nyingine. 43, kifaa chenyewe kimeripoti hitilafu au hakikujibu, angalia waya na umeme kabla ya yote. 52, Windows haijaiamini saini ya kidijitali ya draiva.

Hiyo 52 ina maelezo. Kwenye mashine za Windows 7, na bado zipo nyingi maofisini na kwenye steshenari, draiva za sasa husainiwa kwa SHA-2, njia mpya zaidi ya kusaini, na Windows 7 isiyosasishwa haiifahamu saini hiyo. Kuna sasisho linaloitwa KB3033929, likiwekwa tatizo huondoka. Lakini Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 Januari 14, 2020. Kama mashine ina nguvu ya kubeba kitu kipya zaidi, au hata Linux nyepesi, utajiokolea usiku mwingi.

Rafiki amenishauri nizime ukaguzi wa saini za draiva. Nifanye?

Inawezekana: unawasha upya kwa kushika Shift, unaingia Startup Settings, unabonyeza 7. Inadumu mpaka utakapowasha upya tena. Lakini jiulize kwa nini draiva ya bodi yako haina saini. Watengenezaji wote niliowataja wanasaini zao. Ukikuta isiyosainiwa, karibu kila mara umepata toleo la zamani sana au faili lililoguswa na mtu. Draiva inakaa karibu na moyo wa mfumo. Sipendi mtu aifungulie mlango huo kwa ajili ya kuwasha taa ya LED, hasa kwenye laptopu hiyo hiyo anayotumia kulipia ada na kutuma pesa.

Nilitumia Zadig, sasa poti ya COM imepotea. Nimeharibu bodi?

Hapana, bodi ni nzima. COM ni jina tu ambalo Windows huipa poti ya seriali. Hili nalieleza kwa urefu kwa sababu linawatisha watu bure, na kwa sababu maelekezo mengi ya mtandaoni yanalipita haraka.

Baadhi ya programu za kuingia ndani ya chipu, OpenOCD kwa mfano, zinataka kuongea na USB moja kwa moja kupitia draiva ya jumla iitwayo WinUSB. Zadig ni chombo kidogo kinachobandua draiva iliyopo na kubandika WinUSB mahali pake. Kinafanya hivyo kwa kile ulichokichagua kwenye orodha, bila kukuuliza mara mbili.

Sasa chukua bodi yenye chipu ya FT2232H, ambayo ni ya kawaida kwenye bodi za majaribio. Ndani yake kuna milango miwili. Ule unaoonekana kama Interface 0 hutumika kwa JTAG, yaani kuingiza programu na kutafuta makosa. Interface 1 ni seriali, ndio unaokupa COM. Maelekezo yanakwambia weka WinUSB kwenye Interface 0 peke yake. Mtu mwenye haraka anaona majina mawili yanayofanana, anabadilisha yote mawili, au anachagua ule ulioandikwa "Composite Parent" ambao umebeba yote. COM inatoweka papo hapo. Nimeona hata mtu aliyechagua padi ya kugusa ya laptopu yake kwa sababu alikuwa ameiwasha "List All Devices" na hakusoma jina. Ilibidi tuazime kipanya cha waya duka la jirani ili tumrudishie.

Kurudi ni hivi. Fungua Device Manager huku bodi ikiwa imechomekwa. Kifaa kilichobadilishwa utakikuta chini ya kundi la "Universal Serial Bus devices". Bofya kulia, chagua Uninstall device, na hapo weka alama kwenye kisanduku cha kufuta pia programu ya draiva. Usipoweka alama, Windows itairudisha ile ile WinUSB na utadhani haijasikia. Kisha chomoa bodi, hesabu mpaka kumi, chomeka, halafu menyu ya Action, Scan for hardware changes. Poti ikirudi, fungua Zadig tena ukiwa umetulia na uchague Interface 0 tu. Kabla ya kubonyeza, linganisha namba za USB zinazoonekana kwenye dirisha la Zadig na zile za bodi yako. Zikitofautiana hata herufi moja, funga.

Ikiwa Windows inaendelea kung'ang'ania, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `pnputil /enum-drivers`, tafuta faili la oem lenye jina la kifaa chako na mtoaji libwdi, halafu lifute kwa `pnputil /delete-driver oem42.inf /uninstall`, ukiweka namba yako badala ya 42. Libwdi ndicho kiwanda cha ndani cha Zadig, jina hilo ndilo alama yake.

Poti ipo, namba ninaijua, lakini programu inasema "Access is denied".

Kuna programu nyingine imeishika. Poti ya seriali hushikwa na mmoja kwa wakati. Funga PuTTY, funga dirisha la pili la Arduino, funga programu ya kuchapisha ya 3D kama ipo. Ikishindikana, chomoa na uchomeke.

Kwa nini bodi yangu ilikuwa COM3 na leo ni COM11?

Windows hukumbuka kila kifaa na soketi kilipochomekwa. Chipu isiyo na namba yake ya pekee, kama CH340 nyingi, ikihamia soketi nyingine hupewa namba mpya. Haina madhara. Baadhi ya programu za zamani sana hazijui namba zaidi ya 9, na kwa hizo unabadilisha kwenye Properties, Port Settings, Advanced.

Natumia Ubuntu. Nilidhani Linux haihitaji draiva?

Draiva zipo ndani ya kiini chake, kweli. Linalokukwamisha ni ruhusa. Fungua dirisha la amri, andika `sudo dmesg -w`, chomeka bodi, soma. Ukiona ttyUSB0 au ttyACM0, bodi imefika. Kisha `sudo usermod -aG dialout $USER`, toka kwenye akaunti yako uingie tena. Kufunga dirisha la amri na kulifungua haitoshi, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa wakidhani amri haikufanya kazi.

Kwa wenye CH340 kwenye Ubuntu 22.04 kuna shida maalumu: poti inatokea na kutoweka sekunde ile ile, na dmesg inataja brltty. Hiyo ni programu ya vifaa vya kusomea nukta nundu, na inaichukua chipu yako ikidhani ni kifaa cha aina hiyo kwa sababu namba zao zinafanana. Ushauri wa mtandaoni ni `sudo apt remove brltty`. Kwenye laptopu yako binafsi sawa. Kwenye kompyuta ya maktaba au ya chuo uliza kwanza, maana kwa mwenzako asiyeona programu hiyo ndiyo kioo chake. Hapo mwombe msimamizi aondoe ule mstari mmoja wa kanuni za udev (kipangaji cha vifaa cha Linux) wenye 1a86 na 7523, vingine vibaki.

Na kwenye Mac?

Matoleo ya sasa huzitambua chipu nyingi za seriali zenyewe. Tafuta kwa `ls /dev/cu.*` kabla na baada ya kuchomeka, kilichoongezeka ndicho chako. Ukiweka draiva ya mtengenezaji na haifanyi kazi, nenda Privacy & Security kwenye mipangilio, huenda inasubiri uiruhusu.

Bodi yangu ina soketi mbili za USB. Nitumie ipi?

Angalia maandishi madogo pembeni ya kila moja. Iliyoandikwa UART, COM, DEBUG au ST-LINK ndiyo ya kuanzia. Iliyoandikwa USB, USER au OTG inatii programu iliyo ndani ya chipu kuu, na kama chipu bado ni tupu au programu yako haijashughulika na USB, soketi hiyo itakaa kimya. Ukimya huo ni wa haki.

ESP32-C3 yangu ilifanya kazi vizuri mpaka nilipopakia programu yangu. Sasa haionekani tena.

Programu yako imeichukua miguu ya USB. Kwenye C3 nyaya za data ziko kwenye miguu iitwayo GPIO18 na GPIO19, kwenye S3 ni GPIO19 na GPIO20. Ukizifanya kuwa za kuwashia LED au kusomea kihisi, USB imekatika kutokea ndani. Kuweka chipu kwenye usingizi mzito mara tu inapowaka nako kunaleta hali hiyo hiyo.

Shika kitufe cha BOOT, ukiwa umekishikilia bonyeza RESET na uachie, halafu achia BOOT. Chipu itaamka kwenye programu yake ya kuanzishia iliyochongwa kiwandani, haitaigusa ya kwako, na poti itarudi. Rekebisha miguu, pakia upya. Pico nayo ina njia yake: shika BOOTSEL wakati unachomeka, itatokea diski iitwayo RPI-RP2. Diski hiyo ikitokea, chipu ni nzima na waya ni mzima, hata kama seriali haionekani.

Poti inakatika kila rilei au pampu ikiwaka.

Hapo unaomba USB ibebe mzigo usio wake. Soketi ya USB 2.0 imepangiwa miliampia 500, na kifaa ambacho bado hakijatambulika kinatakiwa kisizidi 100. Pampu ndogo ikianza inavuta zaidi ya hapo kwa mkupuo, volti zinaanguka, chipu ya USB inazima, Windows inalia sauti ya kuchomolewa. Pampu ipewe chanzo chake cha umeme, hasi za pande zote ziungane, na diodi iwekwe kinyume kwenye mota au koili ya rilei.

Kuna jingine ambalo hapa mjini linatokea sana. Chaja ya laptopu imechomekwa kwenye ekstensheni isiyo na ethi, au ile adapta ya miguu miwili. Ukigusa bati la laptopu unahisi mtetemo. Kelele hiyo ya umeme inapita kwenye USB mpaka kwenye bodi. Chomoa chaja, fanya kazi kwa betri dakika tano. Kama kukatika kumekoma, tafuta fundi umeme akuwekee ethi kabla hujanunua bodi nyingine. Na kama umeme unakatika-katika mtaani kwenu, chomoa bodi unapokatika. Kurudi kwake kwa kishindo ndiko kunaunguza.

Tunakaa Kigamboni karibu na bahari. Je, hewa ya chumvi inahusika?

Inahusika. Pini za soketi zikianza kugeuka kijani au kahawia, mawasiliano yanakuwa ya kubahatisha: leo inakubali, kesho 43. Safisha kwa brashi laini ya meno na spiriti safi ya isopropili, iache ikauke kabisa. Hifadhi bodi kwenye kontena lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya.

Bando langu ni dogo. Nipakue nini hasa?

Draiva ya chipu moja ni faili dogo. Kinachokula bando ni vifurushi kamili vya uendelezaji, vyenye mamia ya megabaiti au zaidi, na wengi huvipakua wakidhani ndimo draiva ilimo pekee. Chukua draiva peke yake kwanza, hakikisha poti imetokea, mengine yapakue ukiwa na intaneti ya chuo. Ukiwa umeiweka hotspoti ya simu kama "metered" (yenye kipimo cha bando) kwenye Windows, fahamu kwamba Windows Update inaweza kukataa kuleta draiva yenyewe mpaka uiruhusu kwenye mipangilio ya vifaa. Watu wanasubiri saa nzima pale bila kujua.

Nimejaribu yote. Nikija kwenu nije na nini?

Njoo na bodi, waya ule ule unaotumia, na laptopu ile ile, hata kama betri yake imechoka. Chaja pia. Piga picha ya ukurasa wa Hardware Ids na ya ujumbe wa kosa, namba zote zionekane. Usifute wala kuweka upya chochote asubuhi ya kuja, nataka nilikute tatizo likiwa hai. Tunafungua saa tatu asubuhi, na kwenye droo ya kushoto kuna waya sita zilizofungwa karatasi ya DATA. Utachukua mmoja tuanze nao.